Lenzi ya mkononi ya kukunja: kwa makangaga ya maporomoko inatosha, ila msisome maelekezo

Nimekaa nayo kama miezi minane hivi, ni ile yenye vioo viwili, mara 10 na mara 20, na kataa kadogo ka kumulikia pembeni, na kazi yake kwangu ni moja tu, makangaga ya kwenye maporomoko ya maji. Aisee imenikosha. Zamani kangaga kwangu lilikuwa kangaga tu, sasa nainama nachungulia mgongo wa jani naona vile vidoti vya spora (vumbi ambalo makangaga huzaliana nalo badala ya mbegu), na kila aina na mtindo wake: Asplenium vimejipanga mistari, Dryopteris vina kifuniko kama figo, Adiantum vimejificha chini ya ukingo uliokunjwa. Siku moja nikamulika jani lililokomaa, mara nikaona vifuko vya spora vinarukaruka vyenyewe!! Kumbe vikikauka vinapinda kinyumenyume halafu vinafyatuka kama manati kurusha spora. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kioo cha mara 20 sikigusi, inabidi usogee mpaka pua iguse jani na kichwa chako chenyewe kinaziba mwanga. Halafu boksi limeandika haiingii maji, sawa maji hayaingii, ila rasharasha za maporomoko zinatia ukungu kila saa, beba kitambaa. Kamba ilikatika wiki ya pili.

Kilichonikera hasa ni kale kakaratasi ka maelekezo, eti chuma jani ulilete kwenye jicho. Jamani hapana! Kangaga aina ya Hymenophyllum kwa mfano, jani lake kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu, halina hata vitundu vya kupumulia, linaishi kwa zile rasharasha, ndio maana maji yakichepushwa juu huko lenyewe ni la kwanza kuumia, sasa wewe ulichume la nini, likijikunja huoni kitu. Na uchumaji si mchezo, Uingereza na Ireland karne ya 19 watu walipata wazimu wa kukusanya makangaga, wakaling'oa kangaga liitwalo Trichomanes speciosum mpaka likaadimika.

Peleka jicho kwenye jani, lenzi ya mara 10 inaruhusu kabisa. Na angalia unapokanyaga, kale kamea ka kijani bapa kenye umbo la kopa, kadogo kuliko ukucha, nako ni kangaga, ndio hatua ya maisha yake ambayo gameti za kiume (seli za uzazi) zinaogelea kwenye utando wa maji kulifuata yai.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kakaratasi, kamba nilishafunga uzi wa viatu.