Jamaa wa dawa ya wadudu Kisasa, Dodoma: siafu anawajua kweli

Mnaokaa Kisasa na Ilazo ambao mvua zikianza tu siafu wanaingia ndani, huyu jamaa muiteni. Hakukimbilia kupuliza, kwanza kamshika mmoja na kibano akanionyesha kichwa, jamani hana macho kabisa! Kumbe siafu vibarua wa Dorylus (jina la kitaalamu la jenasi ya siafu hawa) wote vipofu, wanafuata harufu tu, na hawana kiota cha kudumu, kundi linaweza kuwa na mamilioni na linahamahama, kwahiyo akasema hawa wapita njia, tena watakumalizia mende wako bure, akapiga dawa kwenye milango na madirisha basi. Na yale madudu manene ya kahawia yenye mabawa yanayojigonga kwenye taa usiku watu wanadhani nyigu, nayo ni siafu, madume. Familia ndogo yao inaitwa Dorylinae, 2014 wataalamu wakawaunganisha humo na siafu wa Amerika waliokuwa kundi lao peke yao, hapo mi nilishaanza kuangalia ugali jikoni 😂. Bei imechangamka kidogo, na ile "niko njiani" ya mafundi mnaijua. Watoto watoeni nje kwanza, harufu haitoki mapema.