Karatasi au hadubini?

Tumerudi kutoka miombo ya Iringa na vikapu viwili vya uyoga, sasa tutambue ni wa aina gani. Karatasi ni bure: kata kofia, ilaze kifudifudi, funika kwa bakuli, asubuhi unakuta vumbi la spora (chembe za uzazi za uyoga). La waridi hafifu huendana na uyoga wa kichuguu. Jeupe linanitia shaka, maana Amanita, jamii yenye uyoga wa sumu kali, huacha jeupe. (Tumia karatasi nusu nyeusi. Mwanzoni nililaza kwenye nyeupe tupu, nikadhani uyoga umegoma.)

Hadubini inaona zaidi. Kuza mara 1000 kwa tone la mafuta, tia dawa ya iodini: vinundu vya spora za Russula (jamii nyingine ya uyoga) vinageuka vyeusi. Ila bei yake! Mimi naanza na karatasi, kisha nakwangua vumbi hilohilo kulipima kwa hadubini, kwa kuwa spora zilizodondoka zenyewe zimekomaa.