"Ungejipanga": uzoefu wangu wa hoteli iliyoshika pesa zangu, nikiwa na kadi ya debiti peke yake

"Ungejipanga kabla ya kusafiri."

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mapokezini, watu wanne wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu na mabegi yao, na aliyeyasema hakupunguza sauti hata kidogo. Nimejaribu kuyaacha yapite. Nimerudi nyumbani, nimelala, nimeamka, nimeendelea na kazi zangu, lakini bado yamenikaa kooni. Ndiyo maana naandika.

Niwatendee haki kwanza. Chumba kilikuwa safi, kitanda kizuri, maji ya moto muda wote, na usiku kulikuwa kimya. Mama, niliyesafiri naye, alilala vizuri kuliko anavyolala nyumbani. Kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote.

Ila mimi nina kadi moja tu, ya debiti, na inachota moja kwa moja kwenye akaunti inayopokea mshahara wangu. Kadi ya mkopo sina na sijawahi kuitaka. Nikitaka kusafiri naweka akiba mpaka itoshe, ndipo naondoka. Safari hii niliiwekea akiba kwa miezi mingi, na chumba nilikilipia chote kabla hatujatoka nyumbani, siku zote nne. Kwa hiyo tulipofika niliamini hatudaiwi chochote.

Dada wa mapokezi akaniomba kadi. "Ya dhamana tu," akasema. Akabonyeza mashine, akanisogezea, nikaweka namba ya siri, akanipa karatasi ndogo pamoja na ufunguo. Kiasi hakukitaja. Kama kiliandikwa kwenye kioo cha mashine sikukisoma, tulikuwa tumesafiri usiku kucha na mama alikuwa amesimama akiegemea begi. Lakini yeye alikuwa na mdomo. Kutamka kiasi kimoja cha pesa kungemchukua sekunde ngapi?

Kesho yake, au pengine ilikuwa siku ya pili, nilikwenda duka la dawa kumchukulia mama dawa yake ya presha. Kadi ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Muuzaji akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nimeibiwa. Nikasogea pembeni, nikafungua programu ya benki kwenye simu huku mikono inatetemeka, nikakuta masalio mawili. La kwanza lilikuwa salio la akaunti, na pesa zangu zote zimo. La pili lilikuwa salio linaloweza kutumika, na hilo lilikuwa limebaki makombo. Kati ya hayo mawili palikuwa na mstari mmoja wenye jina la hoteli na neno "inasubiri". Walikuwa wamechukua dhamana ya siku moja wakaizidisha mara nne, na jumla yake ilikaribia bei ya chumba kizima nilichokwisha kukilipia.

Nikarudi hotelini karibu nikikimbia.

"Dada, mmenikata pesa."

"Hatujakata. Tumeshika tu."

"Kiasi chote hiki, bila kuniambia?"

"Ni utaratibu wetu kwa kila mgeni."

"Basi punguzeni, tafadhali. Hizo ndizo pesa zangu zote. Mama yangu yuko juu anasubiri dawa."

Akaiangalia kadi yangu, akanirudishia. "Wageni wetu wengi wanatumia kadi ya mkopo. Ungejipanga kabla ya kusafiri."

Nilijipanga! Nilijipanga kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye ile foleni. Nilijua nitatumia kiasi gani kila siku, nilijua nauli ya kurudi, nilikuwa nimetenga mpaka pesa ya dharura. Kitu pekee ambacho sikukipangia ni kwamba mtu atafunga akaunti yangu bila kutamka kiasi anachokifunga, kisha anilaumu mimi.

Dawa ililipiwa na mama mwenyewe, kwa noti chache alizokuja nazo za kuwanunulia wajukuu zawadi. Alizihesabu kitandani, akanipa, hakuniuliza chochote.

Baadaye, hasira ilipopoa kidogo, nilikaa nikajifunza mambo haya yanavyokwenda. Lile "tumeshika tu" ni kweli. Hoteli ilituma ombi la idhini kwenye benki yangu, benki ikakubali, ikatenga kile kiasi. Hoteli haina pesa hizo mkononi na mimi siwezi kuzigusa. Zimekaa katikati. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachotengwa ni sehemu ya kiwango ambacho benki imekubali kumkopesha, na pesa zake za akaunti haziguswi. Anaweza hata asitambue. Kwa mwenye kadi ya debiti, kinachotengwa ni pesa zake mwenyewe, zile za kula leo. Mashine ni ile ile na maneno ni yale yale, lakini mmoja anashikiwa ahadi na mwingine anashikiwa chakula. Mtu anayefanya kazi mapokezi hilo analijua, au anapaswa kulijua.

Sisemi hoteli zisichukue dhamana. Wako wageni wanaokunywa kila kilichomo kwenye friji ya chumbani, wanaovunja vitu, wanaoondoka alfajiri bila kuaga. Ninalodai ni kiasi kitajwe. Na si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Umoja wa Ulaya uliliweka kwenye sheria yake ya huduma za malipo, ile ya mwaka 2015, kifungu cha 75: pale ambapo jumla ya malipo haijajulikana, benki inaruhusiwa kuzuia pesa kwenye akaunti ikiwa tu mwenye kadi amekubali kiasi mahususi kitakachozuiwa. Niliposoma hapo nilitamani nikichapishe kile kifungu nikakibandike kwenye meza yao. Kukubali kiasi mahususi! Mimi nilikubali neno "dhamana tu".

Ningeweza kuishia hapa, kama si siku ya kuondoka.

Tulikuwa tunadaiwa kitu kidogo sana, nguo mbili za mama zilizofuliwa. Kijana aliyekuwa zamu akachukua kadi, akalipisha, akatoa risiti. Nikauliza kuhusu dhamana. "Itarudi yenyewe." Lini? "Inategemea benki yako." Nikaondoka nikimwamini. Sikujua kwamba pesa iliyoshikwa ina njia mbili za kuisha. Mhudumu anaweza kuifungua ile idhini ya kwanza kwenye mashine na kumalizia malipo humo humo, kisha kinachobaki kinaachiliwa. Au anaweza kuanzisha malipo mapya kana kwamba mgeni ndiyo kwanza ameingia dukani, na hapo ile idhini ya zamani inabaki inaning'inia peke yake, haijafungwa na mtu. Kijana alianzisha malipo mapya. Kwa hiyo nikalipa deni, na dhamana ikabaki imeshikwa nzima vile vile.

Tukarudi nyumbani. Wiki moja ikapita na siku zake. Mwisho wa mwezi ukaingia, na kodi ya nyumba, ambayo nimeipanga itoke yenyewe kwenye akaunti, ikagoma kutoka kwa sababu salio linaloweza kutumika halikutosha. Benki ikanitoza faini kwa hilo. Nimekaa kwenye nyumba hiyo miaka, sijawahi kuchelewesha kodi. Nilimpigia mwenye nyumba kumweleza huku najisikia kama mwongo, kwa sababu nani ataamini kwamba pesa ipo na haipo?

Halafu zikaanza danadana. Benki ikasema hoteli ndiyo yenye kuachilia. Hoteli ikasema sisi tulishamalizana nawe, iulize benki yako. Nilipiga simu huku na kule mpaka nikakariri muziki wanaokuwekea ukisubiri. Aliyenitoa gizani ni dada mmoja wa benki aliyekuwa na subira. Alinieleza kwamba upande wao wanaiona idhini bado hai, na kwamba utaratibu wa Mastercard unairuhusu idhini ya awali kukaa hadi siku 30. Siku 30! Akasema nikitafute kile kikaratasi cha siku ya kwanza, kina namba ya idhini yenye tarakimu au herufi sita, kisha niiombe hoteli iifute idhini hiyo kwenye mashine yao na iwaandikie benki barua fupi yenye namba ile, kiasi na tarehe. Nilikikuta kikaratasi ndani ya pochi ya mama. Mama hatupi kitu.

Nikapiga hoteli usiku, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akapokea mzee wa zamu ya usiku. Nikamwaga yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Pole sana, mwanangu. Nisomee hiyo namba." Nikamsomea. Akaniomba nisubiri, nikasikia karatasi zinafunuliwa, mashine inalia. Akarudi akaniambia ameshaifuta, na barua ataituma kwa barua pepe kabla ya kufunga hesabu za siku. Aliituma kweli, na nakala akaniletea. Siku ya pili ya kazi, salio zote mbili zikawa sawa. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Sasa nasafiri kwa namna nyingine, na mwenye kadi kama yangu naomba achukue hata kimoja kati ya haya. Nimefungua akaunti ya pili, na kadi ninayotoa mapokezini ni ya hiyo. Ninaweka humo kiasi cha dhamana na ziada kidogo. Pesa ya kula, ya nauli na ya kodi inakaa kwenye akaunti nyingine, ambako mashine ya hoteli haifiki. Kabla ya kufika naandika barua pepe nikiuliza: mnashika kiasi gani, ni kwa kila siku au kwa safari nzima, mnapokea kadi ya debiti, na je, naweza kuweka dhamana taslimu? Zipo hoteli zinazopokea taslimu na kukurudishia siku ya kuondoka, ukishaandikiwa risiti. Zipo pia zinazokubali kushika kidogo ukisema wazi kwamba hutaandikisha chochote kwenye chumba, wala friji wala simu. Na zipo zinazokataa kadi ya debiti kabisa, ni bora ujue hilo ukiwa nyumbani kuliko ulijue saa nane za usiku na mama yako amesimama pembeni. Wakati wa kuondoka natoa kadi ile ile na kusema kwa sauti: "Malizia kwenye idhini ya kwanza, usifungue malipo mapya." Wengine wananishangaa. Wanishangae. Na kile kikaratasi sikitupi mpaka pesa ziwe zimerudi.

Kuhusu nyota ninazoipa hoteli hii. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka moja. Nilipofika kwa mzee wa usiku nikaona namdhulumu, nikapandisha mpaka tatu, maana mtu kama yule anabeba hoteli nzima mgongoni na pengine hakuna anayemwambia. Chumba kizuri, mzee mwema, makosa hutokea, tatu zinatosha.

Lakini kuna jambo alilonieleza kwenye simu ile ile, kwa nia njema kabisa, na limerudi sasa hivi nikiandika. Alisema kama ningemkuta yeye siku ile ya dawa, angeipunguza idhini palepale ibaki ya siku moja, kwa sababu mashine inaruhusu kuachilia sehemu. Dakika chache tu. Kwa hiyo yule dada aliyeniambia ningejipanga alikuwa amesimama mbele ya mashine iliyoweza kumfungulia mama dawa, na badala ya kunyoosha mkono akanirudishia kadi.

Nimefuta tatu. Ni moja.

Na kama safari itaturudisha mji ule na hakuna chumba kwingine, nitapanga tufike usiku, wakati wa zamu ya mzee.