Paipu ya shaba na nikeli kwa njia ya mafuta ya gari la zamani: roli ni nzuri, vinavyokuja nayo vina walakini

Gari likishazeeka, paipu za chuma zinazotoa mafuta kwenye tangi kupeleka mbele huanza kuliwa na kutu pale jicho lisipofika: chini ya klipu zinazozishika kwenye chesisi, juu ya tangi, na karibu na ekseli ya nyuma ambako matope hukaa. Anayetaka kuzibadilisha mwenyewe nyumbani huuziwa seti nzima: roli ya futi 25 (mita 7.6) ya paipu ya shaba na nikeli, nati zake, kikata paipu kidogo, kifaa cha kupanua mdomo wa paipu ili ubanwe na nati bila kuvuja, na mara nyingine kipande cha hozi na klipu. Tathmini hii inahusu seti ya namna hiyo, ya inchi 5/16. Paipu yenyewe inunue bila wasiwasi. Vitu vilivyofungashwa nayo ndivyo vinavyovujisha.

Paipu hii ni shaba kama asilimia 90 na nikeli 10, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Haioti kutu, na hupindika kwa mikono ukiizungushia kitu cha duara. Si kitu cha kubahatisha: Volvo walianza kuitumia kwenye breki miaka ya 1970. Usiichanganye na shaba tupu ya friji. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa gari, kisha hupasuka karibu na nati. Rangi pia hudanganya, maana zipo roli za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Ipitishe sumaku, ikivutwa kwa nguvu, hicho ni chuma.

Kabla ya kununua, pima kipenyo cha nje cha paipu ya zamani kwa vernia (kipimio chenye taya mbili), sehemu isiyo na kutu. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo hozi ya milimita 8 huikaa vizuri. Lakini inchi 3/8 ni milimita 9.5, wala si 10, na hapo wengi hukosea. Urefu upime kwa kamba ukifuata mapito ya paipu ya zamani. Gari dogo la kabureta lenye paipu moja hutoshwa na roli moja na chenji hubaki. Gari la injekta lina paipu ya kwenda na mara nyingi ya kurudi, kwa hiyo roli moja huenda isitoshe.

Kazi ifanyie nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, hivyo shimo la karakana ni mahali pabaya kabisa. Chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iungurume mpaka izime yenyewe ili presha iishe, kisha toa waya hasi wa betri. Tumia taa ya LED, si balbu ya moto, na weka karibu kizimamoto cha poda au povu. Gari likae kwenye stendi. Jeki peke yake isiaminiwe.

Paipu ya zamani itoe nzima kadiri inavyowezekana, maana ndiyo kielelezo chako cha kupindia. Roli mpya ikunjue kwa kuiviringisha sakafuni. Ukiivuta kama springi itajikunja na kubonyea.

Kikata paipu cha kwenye seti kinafaa. Kikaze kidogo kila mzunguko, bila pupa. Msumeno wa chuma usiuguse, kwa sababu chenga zake huishia kwenye filta na injekta. Baada ya kukata, kwangua ukingo wa ndani, kisha puliza paipu yote kwa hewa ya kompresa.

Sasa kifaa cha kupanua mdomo, ambacho ndicho udhaifu mkubwa wa seti. Ni kile cha bei rahisi chenye bamba mbili na skurubu mbili za kukaza. Bamba zake hazibani sawasawa, paipu hurudi nyuma unapokandamiza, na mdomo hutoka upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Ukibanwa na nati utaonekana mzima, lakini utalowa mafuta. Kinachosaidia ni haya: paipu itokeze juu ya bamba kwa urefu wa bega la daisi (kile kipande cha chuma kinachoupa mdomo umbo), si zaidi, tia tone la oili kwenye daisi, kaza skurubu ya upande wa paipu kwanza. Mdomo ukitoka na ufa au kupinda, ukate uanze upya. Na nati iingize kabla ya kupanua! Kama kazi ni kubwa, azima kifaa cha kubana kwenye jiliwa. Tofauti yake ni kubwa mno. Hakikisha pia aina ya mdomo inafanana na ya zamani: mdomo wa nyuzi 45 uliokunjwa mara mbili hauzibi kwenye kiti cha mdomo wa duara.

Ncha inayopokea hozi haihitaji nati, ila isiachwe laini. Fanya hatua ya kwanza tu ya daisi, bila ile ya pili ya kukunja, utapata kivimbe kinachozuia hozi kuchomoka. Hozi ipite kivimbe kwa sentimita 2.5 hivi, na klipu ikae nyuma yake.

Hozi ya kwenye seti itupe kama haijaandikwa daraja. Kwa kabureta, ambako presha kwa kawaida haifiki hata nusu baa, hozi ya daraja la SAE J30R7 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango) inatosha. Kwa injekta, ambazo presha yake mara nyingi ni baa 3 hadi 4, tafuta J30R9, ambayo pia huvumilia ethanoli vizuri zaidi. Ndani ya tangi hizo zote hazifai. Huko ni J30R10. Klipu zenye matundu nazo hukata mpira taratibu. Nunua zenye kingo zilizokunjwa. Na kiungio cha kubana kwa pete kisitumike kwenye presha ya injekta. Magari yenye viungio vya kubofya yanahitaji kivimbe cha vipimo maalumu ambacho kifaa hiki hakikifanyi.

Ifunge paipu kila sentimita 30 hadi 45 kwa klipu zenye mpira, mbali na ekzosi. Kati ya chesisi na injini acha kipande cha hozi, kwani injini hutikisika na paipu ngumu haivumilii.

Kujaribu: washa swichi bila kuwasha injini, mara tatu au nne, pampu ijaze presha, kisha futa kila kiungio kwa karatasi nyeupe kavu. Pampu ya kabureta inayoendeshwa na injini haitajaza hivyo. Hapo kagua injini ikiunguruma. Rudia injini ikiwa ya moto, na tena kesho yake asubuhi.

Kwa dizeli, paipu hii siishauri. Shaba huharakisha kuharibika kwa mafuta hayo, hasa biodizeli. Huko tumia chuma kilichopakwa kinga ya kutu, na ujue kwamba tundu upande wa kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu, halidondoshi kitu: huingiza hewa, na gari hugoma kuwaka asubuhi huku chini kukiwa kukavu.