Hamira ya Windsor kwa bia ya asilimia 2: ladha ipo, ila ina kisirani chake

Wadau wa kupika bia nyumbani, leo naongelea LalBrew Windsor, hamira ya unga ile ya pakiti ya gramu 11. Mimi niko Uingereza, huku ukipika bia ya kunywa mwenyewe hakuna anayekudai kodi ilimradi usiuze, na bia nyepesi zimeshika kasi tangu Agosti 2023 kodi ilipopunguzwa kwa zile zenye kilevi chini ya asilimia 3.5, sasa hivi ukiingia dukani unakuta bia kibao zimeshushwa mpaka 3.4. Shida ni kwamba nyingi ni maji matupu jamani, unakunywa huku unajiuliza bia yenyewe iko wapi.

Hapo ndo Windsor inapobeba. Kwenye maji ya kimea kuna sukari inaitwa maltotriozi, hamira nyingi za bia zinaila, hii haiigusi, so inabaki humo humo na bia inakuwa na uzito mdomoni hata kama kilevi ni kidogo. Halafu ina harufu ya matunda kama bia za kiingereza, ambayo kwenye bia nyepesi ni mtaji maana hakuna kilevi cha kuficha ubapa.

Ila usiiachie hamira kazi yote. Kwa lita 10 mi naweka kimea cha shayiri aina ya Maris Otter kilo 1, kimea cha kristali (kile chenye utamu wa karameli) gramu 200 na oti gramu 200, naloweka kwenye nyuzi 71 badala ya 65. Kwenye 65 kimeng'enya cha beta amilezi kinakata wanga kuwa sukari laini na hamira inafagia zote, ila kwenye 71 kinaharibika haraka, anabaki mwenzake alfa amilezi peke yake ambaye anaacha vipande virefu vya wanga visivyolika. Ukipima uzito wake kwa haidromita (maji matupu ni 1.000), inaanza 1.030 inaishia kama 1.014, toa ya pili kwenye ya kwanza zidisha kwa 131, unapata asilimia 2 na ushee. Hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za uchungu punguza, zile za harufu aina ya East Kent Goldings nyingi weka moto ukishazimwa, la sivyo unapata bia inayokuchoma koo bila chochote nyuma yake.

Ukishainyunyizia inaamka vibaya mno, povu linapanda mpaka kwenye mfuniko wa ndoo, siku ya tatu kimyaa. Wengine wakiona hivyo wanadhani imekufa wanaongeza hamira nyingine, usifanye hivyo! Hiyo nyingine itakula maltotriozi yote na ladha imeondoka.

Kisirani chake sasa: haitui chini. Hata ukiweka chupa kwenye friji wiki nzima bado kuna ukungu, na ukimimina kwa pupa tope lote linaingia kwenye glasi. Mimi hainisumbui, bia yangu ina rangi ya chai ya rangi na inanukia biskuti, ila kama mgeni wako ni wa kuangalia glasi kwenye mwanga, tumia jelatini. Na usafi uwe wa kweli, kwa sababu sukari iliyobaki ikikutana na hamira ya porini ndani ya chupa, chupa zinapasuka. Sukari ya kutia gesi gramu 5 kwa lita zinatosha kabisa.

Joto lake ni nyuzi 15 mpaka 22. Walioko Dar bila friji ya kuchachushia sahauni, huko tafuteni kveik, hamira za kienyeji za Norway, hizo zinapenda joto.

Na kama unataka isiyolewesha kabisa, chini ya asilimia 0.5, Windsor haikufai, chukua hamira ya SafBrew LA-01, ile haili hata maltozi, sukari kuu ya kimea. Ila hiyo inabaki na sukari nyingi na kilevi cha kuilinda hakipo, so lazima ushushe pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.6 kwa asidi ya maziwa na uipasteraizi, yaani uipashe moto kuua vijidudu, usiipuuze hiyo hatua. Kwa bia ya asilimia 2 ya kunywa jioni na kesho uamkie kazini, mimi Windsor naipa 8 kwa 10, hizo mbili nimekata kwa ajili ya tope.