Nextstrain darasani: mti safi, ramani itazame mara mbili

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Ilemela, na muhula huu nimeitumia Nextstrain mara tatu. Ni tovuti ya bure, haikudai hata kujisajili. Inachukua jenomu za virusi (yaani herufi zote za maelezo yao ya kurithi) zilizosomwa kutoka kwa wagonjwa, inazipanga kama mti wa ukoo, na kando ya mti inaweka ramani.

Kipindi cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilifungua mti bila kueleza unavyosomwa, vijana wakabaki kusifia rangi. Kipindi cha pili nikaanza na kudesa. Niliwakumbusha jaribio lililopita: wanne walikosea tahajia ya mitokondria kwa namna ile ile, na wawili kati ya hao wakakosea pamoja swali jingine. Nani kadesa kwa nani? Walicheka, kisha wakachora ukoo wa makosa ubaoni bila msaada wangu. Kirusi nacho kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na kosa hurithiwa. Cha korona kina herufi kama 30,000, na katika ukoo mmoja makosa mapya kama mawili hujijenga kila mwezi. Baada ya hapo mti walinisomea wao.

Kilicholipa bando langu ni ukurasa wa Ebola ya Afrika Magharibi. Matawi yanarudi kwenye shina moja, Guinea, mwishoni mwa 2013. Yaani kirusi kilimwingia binadamu mara moja, mengine yote watu waliambukizana wenyewe. Ukibonyeza ramani icheze, mistari inavuka kwenda Sierra Leone na Liberia, mingine inarudi. Darasa zima lilinyamaza, na hao si watu wa kunyamaza.

Sasa lawama. Binti mmoja ambaye kwao ni Bukoba alitazama ukurasa wa korona akauliza: "Mwalimu, Afrika Kusini wana duara kubwa hivi, sisi kiduchu. Ina maana ugonjwa ulianzia kwao?" Hapana. Duara linahesabu jenomu zilizowekwa kwenye mti, halihesabu wagonjwa, na tovuti yenyewe huchagua sehemu tu ya jenomu zilizopo. Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini waliitambua Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, kwa sababu maabara zao zilikuwa kazini. Shukrani waliyopewa ni kufungiwa ndege. Hata Ebola ile, iliyosomwa vizuri kuliko milipuko mingi, utafiti wa 2017 ulikusanya jenomu 1,610, na wagonjwa walizidi 28,000. Ni kama mgonjwa mmoja kati ya kumi na wanane. Tovuti haifichi hayo, lakini maelezo yake yananong'ona na maduara yanapiga kelele. Mistari nayo ni makadirio: gusa penye tawi utaona asilimia ya uhakika wa nchi iliyotajwa. Mwanafunzi hagusi mpaka umwambie.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku idadi ya wagonjwa itakapoandikwa kando ya kila duara.

Kwa walimu wenzangu: simu itakutesa, kwenye kioo changu mti na ramani vilibanana mpaka vidole vikawa vinagusa tawi la jirani. Tumia kompyuta na projekta. Maandishi yalinijia kwa Kiingereza, basi andaa tafsiri yako mapema. Na piga picha za skrini usiku wa kuamkia kipindi. Mimi umeme ulikatika dakika ya ishirini, tukamalizia Liberia kwa chaki.