Uzoefu Wangu na Ufito Mfupi wa Fibaglasi kwa Kuvulia Trauti Vijitoni

Kwa misimu miwili nimevua trauti kwa nzi bandia katika vijito vyembamba nikitumia ufito wa fibaglasi wenye urefu wa futi 7, yaani kama mita 2.1, uliokusudiwa mshipi namba 3. Kabla ya hapo nilikuwa na ufito wa kaboni wa futi 9, namba 5, ambao mpaka leo naupenda kwenye mito mipana, lakini chini ya matawi yaliyoinamia maji ulinichosha kwa kunasa kila nilipouinua.

Nilichotaka kujua hasa ni kama fibaglasi ingefanya kazi vizuri kwa mshipi mfupi. Katika uvuvi huu kinachobeba chambo ni uzito wa mshipi wenyewe, kwa kuwa nzi aliyefungwa kwa manyoya na uzi ni mwepesi mno kurushwa peke yake. Namba ya mshipi hutokana na uzito wa futi 30 za mwanzo, sawa na mita 9 hivi, na kwa namba 3 kipande hicho kina takriban gramu 6.5. Vijitoni mita 9 hazitoki kamwe. Mimi mara nyingi sifikishi hata mita 4 nje ya ncha, kwa hiyo ufito haupati hata nusu ya uzito uliokusudiwa. Ule wangu wa kaboni, kwa ugumu wake, ulikuwa haupindi hata kidogo kwa uzito huo, ilhali huu hupinda mpaka karibu na mshikio. Hata hivyo, ulinitosheleza kikamilifu nilipoufunga mshipi namba 4, wenye gramu 7.8 hivi kwa urefu uleule, na ningemshauri kila anayeununua aanze hivyo.

Nakumbuka dimbwi moja lililofunikwa na vichaka pande zote. Kwa kuwa trauti hukaa akielekeza kichwa mkondo unakotoka, nilimwendea kutoka chini, nikapiga magoti, nikaishika ndoana kwenye kipindo chake, nikauvuta ufito kama upinde na kuachia. Nzi alitua taratibu, na katika jaribio la tatu akanyakuliwa. Samaki alikuwa wa shubiri moja tu, lakini ufito mzima ulitikisika mkononi, raha ambayo ule mrefu haukuwahi kunipa kwa samaki mdogo.

Kasoro yake kubwa inatokana na ufupi. Penye mikondo miwili yenye kasi tofauti, siwezi kuuinua mshipi wote juu ya maji. Mkondo huudaka, nzi huburutwa, na trauti humkataa papo hapo. Pia ufito huu hautaki haraka, kwani ukiuharakisha mshipi hujisokota.

Ulaini wake huulinda uzi mwembamba wa mwisho, ule unaofungwa nzi, wa milimita 0.15 usikatike kwa mshtuko, ila kwa samaki mkubwa hauna nguvu ya kummaliza upesi, naye hurudishwa majini akiwa amechoka kupita kiasi. Ndiyo maana mimi hutumia ndoana isiyo na kikwamizi, yaani kijino kinachoizuia isichomoke, hulowesha mikono kabla ya kumgusa ili nisimtoe ute unaomkinga, na maji yakikaribia nyuzijoto 20 huukunja mshipi na kuondoka.